Tyuna ya USB: jinsi ya kutazama na kurekodi runinga kwenye kompyuta ukiwa Mombasa

Nyumbani kwetu Majengo runinga ni moja na wenye kuitaka ni saba. Ikifika saa moja jioni ni taarifa ya habari, na hapo rimoti ni ya mama, hakuna mjadala. Mpira ukigongana na taarifa, mpira ndio unaohama. Ndipo nikaanza kutafuta njia ya kuigeuza laptopu yangu kuukuu iwe runinga ya pili, inase matangazo ya hewani bila bando, na irekodi wakati mimi niko kazini.

Kifaa chenyewe kinaitwa tyuna ya USB. Ni kidude cha ukubwa wa flashi. Upande mmoja unakichomeka kwenye kompyuta, upande wa pili unakitia waya wa antena. Ni kama nusu ya king'amuzi: chenyewe kinanasa mawimbi na kuyageuza data, kisha kazi ya kutoa picha na sauti inaachiwa kompyuta.

Nitakwenda kwa mpango ambao ningependa kuelezwa mimi siku ya kwanza. Kwenye antena nitakaa sana, maana huko ndiko wengi hukwama huku wakiilaumu programu.

Kwanza kabisa: hakikisha ni T2

Kenya hurusha runinga ya kidijitali kwa mfumo wa DVB-T2, picha zikiwa zimebanwa kwa MPEG-4. Analogia ilianza kuzimwa kwa awamu tarehe 31 Desemba 2014, ikamalizika 2015. Kwa hiyo tyuna yoyote ya zamani ya analogia ni pambo la kabati, na tyuna ya DVB-T, ile isiyo na namba 2 mwishoni, haitakupa chaneli hata moja. Tyuna ya T2 huweza kusoma T, lakini ya T haiwezi kusoma T2, hata ukiibadilishia draiva (programu inayoiendesha tyuna) mara mia.

Mimi nilinunua ya T. Muuzaji wa duka moja mjini aliniambia, "Chukua tu, shekhe, hii inanasa zote." Kwa wiki nzima nilisaka chaneli usiku na mchana, nikapanda juu ya mabati mara tatu, sikupata kitu. Rafiki yangu alipokuja akakigeuza kiboksi, akanionyesha maandishi madogo: DVB-T. Basi. Hasara haikuwa kamili, kwa sababu ndani yake kuna chipu ya RTL2832U ambayo wapenzi wa redio huipenda mno, na siku hizi kinanionyesha mawasiliano ya ndege zinazoshuka uwanja wa Moi. Lakini runinga, hapana.

Ukienda kununua, usiulize "inanasa?" Uliza chipu. Tyuna zenye Si2168 ndizo ninazoziamini: Hauppauge WinTV-soloHD na WinTV-dualHD, PCTV 292e, na MyGica T230. Ya bei nafuu zaidi ni Astrometa ya T2, ambayo ndani yake huwa na chipu ya Panasonic MN88473 au ya Sony. Nayo inafanya kazi, ila ina joto. Jihadhari pia na jina lisilobadilika huku chipu zikibadilishwa toleo kwa toleo. Kama muuzaji anakubali urudishe ndani ya siku mbili, lipa. Kama hakubali, mwombe uijaribu palepale dukani.

Ukimwagiza ndugu aliyeko ng'ambo, aliye Uingereza anaweza kukuletea, kwa kuwa huko nako T2 inatumika. Aliye Marekani mwambie aache. Wao wana mfumo wao wa ATSC, na WinTV-dualHD inayouzwa huko, japo ina jina lilelile, haitakufaa hapa.

Jambo jingine la kujua mapema ni kwamba tyuna hizi hazina nafasi ya kadi. Chaneli za kulipia za GOtv na StarTimes utaziona majina tu kwenye orodha, ukizibonyeza skrini inabaki nyeusi. Utakazopata ni zile za bure: KBC, Citizen, NTV, KTN na wenzao, kulingana na ulipo.

Kuhusu kompyuta usihangaike. Kurekodi hakuitaki kompyuta kali, maana data inayotoka kwenye tyuna humwagwa diskini vilevile ilivyokuja. Kutazama ndiko kunakotaka nguvu kidogo, na laptopu yenye prosesa ya miaka kumi iliyopita inatosha.

Antena, antena, antena

Ndani ya boksi la tyuna utakuta kiantena chenye sumaku chini, kirefu kama kalamu. Kitupe, au mpe mtoto acheze. Labda kama unakaa ghorofani na dirisha linatazama mnara bila kizuizi, ndipo kitakupa chaneli mbili tatu. Mji wa Kale, kwenye zile nyumba za kuta nene za mawe ya matumbawe, hakina maisha.

Unachotaka ni antena ya UHF ya nje. Matangazo ya kidijitali yako kwenye masafa ya UHF, kati ya 470 na 694 MHz, na kila mkondo, yaani kipande cha masafa kinachobeba chaneli kadhaa, unachukua upana wa 8 MHz. Antena inayofaa ina vijiti vifupi, vya sentimita 20 hadi 30 hivi. Ile ya zamani yenye mikono mirefu kama ya kaa ni ya VHF, iache ilale.

Ukitaka kujaribu kabla ya kutumia pesa, chukua kebo ya antena ya omu 75, ichune mwisho wake, unganisha waya wa shaba wa sentimita 12 kwenye kiini na mwingine wa sentimita 12 kwenye wavu wa nje, uitandaze mikono hiyo miwili mstari mmoja, uifunge kwenye kipande cha mbao. Mimi nilifanya hivyo kwenye kiti cha plastiki barazani na nikapata chaneli za kwanza za maisha yangu kwenye laptopu.

Uielekeze wapi? Toka nje uangalie mapaa ya majirani. Kama antena kumi za mtaa zimetazama upande mmoja, mafundi kumi walishakufanyia hesabu. Angalia pia vijiti vyao vimelala au vimesimama, nawe fuata hivyohivyo, kwani ukilaza antena wakati mawimbi yanakuja yamesimama unapoteza sehemu kubwa ya nguvu. Kisha panda na simu, mtu mwingine abaki chini kwenye kompyuta akikusomea namba. Dada yangu alikuwa akipiga kelele kutoka chumbani: "Kumi na nane! Kumi na tisa! Umepitiliza, rudi!" Majirani walidhani tuna mnada.

Namba za kusoma ni mbili, na wengi hutazama isiyo muhimu. Moja ni nguvu ya mawimbi, nyingine ni ubora, yaani mawimbi yanavyoizidi kelele. Fuata ubora. Nguvu inaweza kuwa juu kabisa na picha bado inakatika. Tena runinga ya kidijitali haina chenga za kukuonya kama ile ya analogia. Picha ni safi, safi, safi, halafu inaganda ghafla. Kwa hiyo usiridhike eti picha imetokea. Iongezee akiba, maana siku ya mvua akiba hiyo ndiyo itakayoliwa.

Hewa ya chumvi tunayoishi ndani yake nayo ina mambo. Masika ya pili baada ya kufunga antena, chaneli zangu zikaanza kuganda kila jioni. Nikabadilisha programu. Nikaweka Windows upya, siku nzima ikaenda. Mwishowe nikapanda juu nikafungua kiungo cha kebo penye antena: shaba ilikuwa kijani kama embe bichi, na ndani ya kebo mlikuwa na unyevu. Nikakata sentimita kumi, nikachuna upya, nikafunga kichwa kipya, nikakipaka silikoni na kukizungushia tepu. Chaneli zote zikarudi dakika ileile. Tangu hapo mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, nakagua viungo. Na pale kebo inapoingia dirishani, iache ining'inie chini kidogo kama mkufu kabla ya kupanda tena na kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee nje.

Boosta usikimbilie. Haisafishi mawimbi mabovu, inayakuza pamoja na kelele zake. Inafaa pale kebo ni ndefu, na mahali pake ni juu karibu na antena, si chini karibu na kompyuta. Ukiwa karibu na mnara, boosta huziba tyuna na kukuondolea hata chaneli ulizokuwa nazo.

Mwisho kwa upande wa nyaya: tyuna nyingi ndogo zina tundu dogo la MCX, wakati kebo yetu ya nyumbani ina plagi nene ya kawaida ya TV. Nunua adapta yenye kipande cha waya laini, usichomeke chuma kizito moja kwa moja, kitaling'oa tundu. Tyuna nayo uichomeke kwa kebo fupi ya kurefusha USB. Inakaa mbali na kelele za umeme za laptopu, na inapata hewa. Kwa joto letu la Januari, kidude hiki ukikigusa unaweza kudhani kinapika.

Kwenye Windows

Weka draiva kwanza, ile ya mtengenezaji mwenyewe, kabla ya kuchomeka tyuna. Kisha chomeka, uangalie kama imetambuliwa kwenye orodha ya vifaa. Windows Media Center ya zamani sahau, iliondolewa kuanzia Windows 10.

Programu ninayoipendekeza ni NextPVR. Ni ya bure na inafunguka kwenye kivinjari. Ingia kwenye mipangilio yake, chagua tyuna, kisha usake chaneli. Ikikuuliza nchi na huioni Kenya, chagua Uingereza, kwa kuwa nao wanatumia mikondo ya UHF ya 8 MHz na T2. Ukitaka kutia masafa kwa mkono, hesabu ni nyepesi: zidisha namba ya mkondo kwa 8, ongeza 306. Mkondo wa 21 ni 474 MHz, wa 48 ni 690 MHz.

Orodha ikija, futa chaneli za kulipia na redio usizozitaka. Dakika tano hizo zitakuepusha na kero ya kila siku.

Kwenye Linux

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Tyuna zenye Si2168 hazihitaji draiva ya kutafuta, kiini cha Linux (kernel) kinazijua. Zinachotaka ni faili ndogo ya kuziamsha. Chomeka, fungua terminali, andika dmesg. Ukiona malalamiko yanayotaja dvb-demod-si2168-b40-01.fw, maana yake faili hiyo haipo. Itafute, uiweke kwenye folda ya /lib/firmware, chomoa tyuna na uichomeke tena. Mambo yakiwa sawa utaona folda ya /dev/dvb/adapter0.

Kwa anayetaka kutazama tu, Kaffeine inatosha. Nenda kwenye mipangilio ya televisheni, chagua Autoscan, saka, kaa utazame.

Anayetaka kurekodi sawasawa aweke Tvheadend. Inakaa kimya ndani ya kompyuta, nawe unaiendesha kutoka kwenye kivinjari kwa anwani http://localhost:9981. Utaratibu wake unawachanganya wengi, kwa hiyo twende polepole. Anza kwa kutengeneza mtandao wa aina ya DVB-T Network. Ndiyo, ni jina hilohilo hata kwa T2, usitafute jingine. Kwenye orodha ya masafa yaliyo tayari chagua ile ya jumla. Kisha nenda kwenye tyuna, iwashe, uiunganishe na mtandao uliotengeneza. Bila kuunganisha, hakuna kitakachotokea na hakuna ujumbe wa kosa utakaouona, na hapa ndipo nilipopoteza jioni mbili. Masafa yakisakwa na kushindwa yote, fungua moja unalolijua, ubadilishe mfumo wake kuwa DVB-T2, usake tena. Hatimaye geuza huduma zilizopatikana ziwe chaneli.

Jasho hilo lina malipo yake. Chaneli kadhaa hurushwa pamoja ndani ya masafa mamoja, kama abiria wa matatu moja. Tvheadend ikishaishika matatu hiyo, inaweza kurekodi abiria huyu na yule kwa wakati mmoja na wewe unamtazama wa tatu, yote kwa tyuna moja. Chaneli zilizo kwenye masafa tofauti ndizo zinazohitaji tyuna ya pili, au ile WinTV-dualHD ambayo ni mbili ndani ya moja. Juu ya hayo, simu na runinga zilizo kwenye Wi-Fi ya nyumbani zinaweza kutazama kupitia kompyuta hiyo kwa kutumia programu iitwayo Kodi, bila kugusa bando.

Kurekodi kwa ratiba

Hapa kosa la kwanza ni la saa. Kompyuta haihesabu saa za Kiswahili. Kuanzia saa moja jioni ongeza 18: saa moja jioni ni 19:00, saa tatu usiku ni 21:00. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ongeza 6. Na kuanzia saa sita usiku toa 6, na tarehe imeshageuka: kipindi cha saa sita na nusu, Ijumaa usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa kompyuta ni 00:30 ya Jumamosi. Mjomba wangu amekosa ngumi za ubingwa kwa jambo hili, na hajalisahau.

Hakikisha pia kompyuta iko kwenye saa za Nairobi, UTC+3. Ratiba ya vipindi inayokuja na mawimbi huandikwa kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na ukikosea ukanda, unarekodi kipindi kilichokwisha zamani. Ongeza dakika tano kabla na kumi na tano baada. Mpira uongezee nusu saa, kwa ajili ya muda wa ziada na mahojiano yasiyokwisha.

Nafasi ya diski: chukua megabiti kwa sekunde za chaneli, zidisha kwa 0.45, utapata gigabaiti kwa saa. Chaneli ya megabiti 2.5 inakula gigabaiti 1.1 kwa saa, ya megabiti 6 inakula 2.7. Sasa angalia mtego: diski ya nje au flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haikubali faili inayozidi gigabaiti 4. Kwa megabiti 6, rekodi ya mechi yako itakatika kabla ya mpira kwisha, ukihesabu na mapumziko. Ifomati kwa exFAT au NTFS kabla, ukikumbuka kwamba kufomati kunafuta vilivyomo.

Zima usingizi wa kompyuta, na uiambie isilale hata kifuniko kikifungwa. Mtu wa nyumbani akipita atakifunga tu, kwa nia njema ya kuzuia vumbi.

Anayependa amri za terminali kwenye Linux, hii hapa hurekodi saa moja nzima, namba ikiwa ni sekunde, na dvb_channel.conf ikiwa ni faili ya orodha ya chaneli unayoitengeneza kwanza kwa dvbv5-scan:

dvbv5-zap -c dvb_channel.conf -o taarifa.ts -t 3600 "JINA LA CHANELI"

Stima ikipotea

Laptopu ina betri, tyuna inakula kwenye laptopu, kwa hiyo kinadharia rekodi inaendelea. Lakini boosta iliyochomekwa ukutani itazimika, na antena yako itakuwa kiziwi. Kama ni lazima utumie boosta, tafuta ile ya volti 5 inayokula kwenye USB.

Rekodi iache katika umbo la .ts. Faili ya aina hii ikikatwa ghafla, kilichokwisha kuandikwa kinachezeka, ilhali MP4 iliyokatizwa kabla ya kufungwa mara nyingi haifunguki kabisa. Kubadilisha ni baadaye, na haichukui dakika mbili kwa sababu picha hazibanwi upya:

ffmpeg -i taarifa.ts -c copy taarifa.mkv

Matangazo ya biashara unaweza kuyakata kwa LosslessCut, nayo haipunguzi ubora. Rekodi ni za kutazama nyumbani. Kuzipandisha mtandaoni au kuzichoma na kuuza ni kuvunja hakimiliki ya wenyewe.

Runinga nyingi zenye tundu la USB huzicheza faili za .ts moja kwa moja. Mama alilijua hilo kabla sijamwambia. Siku hizi akienda arusini jioni hugonga mlango wangu, ananiwekea flashi yake nyekundu mezani, na kuniambia, "Taarifa ya leo, mwanangu, na ile ya mapishi. Mpira usinitilie."